Siku Kumi na Moja Nyuma ya Seng'enge

Jumamosi ile tulikuwa tunapukuchua mahindi nyumbani kwetu Tumati, wilayani Mbulu, mimi na mke wangu Magdalena, tumekaa juu ya turubai uani. Likizo yangu ilikuwa imebaki siku nne. Baada ya hapo kikosi chetu kilikuwa kinapelekwa mashariki ya Kongo kulinda amani kwa mwaka mmoja, na mimi nilikuwa sajenti wa platuni. Ng'ombe walishatoka kwenda malishoni. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kwaya. Sikumbuki kama tulikuwa tunazungumza.

Kwenye saa tano bodaboda ikasimama, wakashuka mama mmoja na kijana mrefu mwenye shati jeupe. Kijana nilimjua. Ni Isaya, askari wangu, mtu wa Mogitu kule Hanang. Walitoka kwao alfajiri, wakabadilisha gari mara mbili.

"Shikamoo, afande," Isaya akasema, amesimama wima kama yuko gwarideni.

Magdalena akacheka. "Hapa hakuna afande. Hapa kuna Baba Theresia. Kaeni."

Nikamwamkia mama yake. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye turubai, akavuta hindi akaanza kupukuchua pamoja nasi. Hakuna aliyemwomba. Alipukuchua mahindi mengi kabla hajasema kitu.

"Nilitaka nione uso wa mtu atakayekuwa anamtuma mwanangu," akasema. "Sasa nimeuona."

Sikumwahidi chochote, wala yeye hakuniomba ahadi. Walikula makande, wakaondoka kwenye saa tisa.

Huko Kongo tulipangiwa kilima. Juu yake palikuwa na mahema yetu, mifuko ya mchanga na seng'enge kuzunguka pande zote. Chini, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, kulikuwa na kijiji chenye kanisa, soko la Jumatano na mto. Kazi yetu ilikuwa kuwalinda wale watu. Waasi walikuwa msituni, upande wa juu wa mto. Wakati mwingine walikaa mwezi mzima bila kuonekana.

Wiki ya tatu luteni wetu aliugua malaria kali, helikopta ikaja kumchukua. Kwenye redio nikaambiwa nishike platuni kwa siku chache mpaka ofisa mwingine aje. Hakuja kwa karibu miezi miwili. Askari ishirini na saba wakawa wangu.

Msaidizi wangu alikuwa Koplo Hamisi, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa ameshakwenda Kongo mara moja kabla yangu. Kwa watu wa kijiji, tuliyemjua zaidi alikuwa Mama Neema, aliyetuuzia mihogo na sombe, kisamvu cha kule. Aliniita chefu, yaani mkuu. Kiswahili chake kilikuwa chao, lakini tulielewana vizuri.

Kila baada ya siku moja tulishuka mtoni kuteka maji. Majina ya watakaokwenda nilikuwa nayaandika mimi, kwenye daftari, na mpangilio wao njiani. Isaya nilizoea kumweka mbele. Alikulia kuchunga, na macho yake yaliona kitu kilichosogea kabla wengine hawajajua kwamba kuna kitu. Ijumaa ile nikamweka mbele tena. Sikufikiri mara mbili.

Kuna kona yenye mianzi kabla ya mto.

Mlio wa kwanza nilidhani ni mti umevunjika.

Isaya alikuwa amekaa chini katikati ya njia, kama mtu aliyechoka.

Hamisi akafyatua risasi kuelekea kwenye mianzi. Wengine wakafuata. Halafu pakawa kimya, na moshi mwembamba.

Nilipomfikia nikaona amepigwa chini ya mbavu. Alisema neno moja tu, aayo. Kwa Kiiraqw chetu ni mama. Kati ya askari wote waliokuwa pale, nilikuwa peke yangu niliyelielewa.

"Anasema nini, afande?" Hamisi akaniuliza.

"Anataka maji," nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Hamisi akafungua chupa yake, akamlowesha midomo. Isaya alikufa tukiwa tumembeba, karibu na lango.

Mwili uliondoka kwa helikopta kesho yake asubuhi. Nilipiga saluti. Nilirudi kwenye hema, nikafungua daftari ili nipange majina ya doria, na mkono ukakataa. Ulikaa tu juu ya karatasi. Kila jina nililolifikiria nililiona limelala kwenye kona ya mianzi. Nikafunga daftari.

Siku ile hatukutoka. Wala iliyofuata. Mvua zilikuwa zinanyesha, tukatandaza maturubai tukakinga maji, kwa hiyo hata mto haukuwa na haja. Kwenye redio niliripoti kwamba njia ni mbovu, doria haiwezekani. Njia haikuwa mbovu. Nilisema hivyo siku kumi na moja mfululizo.

Askari walisafisha bunduki zilizokwisha kuwa safi. Walicheza drafti. Hakuna aliyelalamika mbele yangu. Mimi nilikuwa nawahesabu asubuhi, mchana na jioni, ishirini na sita, na kila nilipofikisha ishirini na sita kifua kililegea kidogo. Niliona hiyo ndiyo kazi. Niliona ninafanya vizuri.

Siku ya kumi, Hamisi alinikuta nimesimama karibu na tangi la maji.

"Afande, niseme?"

"Sema."

"Wale wa chini wanaona hatushuki. Na wale wa msituni nao wanaona."

"Nimepoteza mtu, Hamisi."

"Tumempoteza sote," akasema. "Ila sote hatujafunga lango."

Nilimwambia aende akakague malindo. Akapiga saluti, akaenda.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Kwenye saa nne asubuhi tukasikia risasi chini. Nilikimbia kwenye ukuta wa mifuko ya mchanga. Niliona watu wakikimbia kati ya nyumba, wadogo kwa sababu ya umbali. Moshi ukaanza upande wa soko.

Askari walikuwa wameshashika silaha. Hamisi alikuwa langoni.

"Afande, tutoke?"

"Subiri."

Risasi zikaendelea.

"Afande."

"Subiri, nimesema."

Nilikuwa nawatazama askari wangu, si kijiji. Ninakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nawatazama wao.

Aliuliza mara ya tatu. Nikajibu neno lile lile.

Kisha risasi zikakoma zenyewe, na sikuhitaji tena kuamua.

Watu walianza kupanda kilima. Nikaamuru lango lifunguliwe, mganga wetu akaanza kufunga majeraha. Mama Neema alikuja wa mwisho mwisho. Alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yao ya mbao isiyo na pedali wanayobebea mizigo. Juu yake alikuwa mume wake, amefunikwa kitenge. Aliisimamisha mbele yangu, akashika usukani ili isianguke.

"Chefu," akasema, "mulikuwa munalala?"

"Hapana," nikamwambia.

Aliendelea kunitazama. Nadhani alikuwa anasubiri nimalizie. Akageuza chukudu akateremka nayo.

Siku ile walikufa watu tisa kijijini. Mchana ule ule nilimwita meja wetu kwenye redio, nikamwambia kwamba kwa siku kumi na moja ripoti zangu zilikuwa za uongo. Kukawa na mkwaruzo mrefu wa redio.

"Sina mtu wa kukubadilisha wiki hii," akasema. "Unaweza kuongoza au huwezi?"

"Naweza."

"Haya. Mengine tutazungumza baadaye."

Niliwakusanya askari mbele ya jiko. Niliwaambia kwamba nilimpoteza Isaya nikaogopa kumpoteza mwingine, na kwa ajili hiyo nikawaacha wale wa chini. Niliwaambia doria inaanza kesho. Mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Nikatoa daftari nikaanza kusoma majina, na jina la kwanza, la mtu wa mbele kabisa, nililisoma langu.

Baadaye Hamisi alinifuata.

"Jina lako limekaa vibaya," akasema.

"Sitamtuma mtu nisikokwenda mimi."

"Kwenda utakwenda. Lakini ukiwa mbele ukapigwa, nani ataita msaada? Nani atajua wa kulia wako wapi na wa kushoto wako wapi? Ukifa mbele utakuwa umejipumzisha, afande. Sisi tutabaki na shida." Akagusa daftari kwa kidole. "Mimi niweke mbele. Niandike."

Nikaandika jina lake. Mkono ulikubali. Ninajua watu wangependa niseme kwamba hapo ndipo hofu ilipoisha. Haikuisha. Ilikaa pembeni, kama mtu aliyekuja na shida yake akaambiwa akae kwenye benchi, nami nikaendelea na kazi.

Siku sita tulitoka na kurudi wote. Watu wa kijiji walituona tukipita. Hawakutusalimia. Mama Neema alikuwa amekaa mlangoni kwake, hakuinua uso.

Siku ya saba, kwenye saa nane mchana, waasi walirudi.

Safari hii tulikuwa chini tayari, askari kumi na nne. Watu walikimbilia mtoni, kwenye daraja la mbao na nyaya, jembamba, la kupita mmoja mmoja. Ng'ambo kulikuwa na barabara na kituo kingine cha askari. Ilibidi tukae kati yao na wale waliokuwa wanakuja, mpaka wavuke.

Nilijilaza nyuma ya gogo, mtu wa redio kando yangu. Hamisi nilimpeleka mbele na askari wanne, kwenye ukuta wa kanisa. Nilimtaja kwa jina.

Tulishikilia.

Risasi zilikuwa zinapiga ukuta wa kanisa na vumbi jekundu linaruka.

Hamisi alitoka nyuma ya ukuta kubadilisha mahali.

Akaanguka kwenye nyasi.

Alikuwa kama mita thelathini kutoka nilipokuwa. Alianguka kifudifudi, mkono mmoja chini ya mwili.

"Afande, tumfuate?" mmoja wa wale wanne akaita kutoka ukutani.

Kumfuata kulihitaji wote wanne, wawili wa kubeba na wawili wa kuwafunika. Hao wanne ndio waliokuwa wameziba njia ya kwenda darajani. Niligeuza kichwa. Daraja lilikuwa limejaa. Kwenye ukingo walikuwa wamebaki wengi, wanasukumana, mwanamke mmoja amebeba godoro kichwani katikati ya risasi.

"Bakini hapo," nikasema. "Watu wanavuka."

Walibaki.

Niliuona mguu wa Hamisi ukisogea. Nikatoa maelezo kwenye redio. Nikamhamisha askari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto. Nikatazama tena, mguu ukasogea. Nikamwambia mtu fulani apunguze kupoteza risasi. Nilitazama tena, na sikuwa na uhakika.

Magari ya deraya yalipofika kutoka kambi kuu zilikuwa zimepita kama dakika arobaini tangu aanguke. Waasi wakarudi msituni. Nilitembea mpaka kwenye nyasi. Nilimgeuza. Alikuwa bado na joto.

Nilisimama pale nikingoja kitu kije, kilio au hasira. Kilichokuja ni kwamba nilitambua kamba ya kiatu chake kimoja imefunguka, nikainama nikaifunga.

Askari wengine kumi na wawili walikuwa wazima. Kwa wale wa kijiji, waliokuwa ukingoni walivuka wote. Miezi iliyofuata kilikuja cheti cha pongezi kwa uongozi imara. Zile siku kumi na moja sikuwahi kuulizwa tena, wala sijui kama meja aliziandika mahali.

Simu kwa mke wa Hamisi niliipiga mimi. Anaitwa Zainabu. Nilimwambia mume wake alipigwa akafa papo hapo, hakupata maumivu. Akasema Alhamdulillahi, akakata.

Nilirudi nyumbani, na baada ya muda nikastaafu. Watu wa Tumati walinipokea vizuri. Parokiani walinitaja kwenye sala za waumini. Nililima, nikauza maharage, nikamwozesha binti yetu Theresia. Siku ya harusi Magdalena aliniambia, "Jaribu kutabasamu, wageni wanakutazama." Nikatabasamu. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, anauona ni wake lakini akiugusa hausikii.

Mogitu nilikwenda mwaka wa pili baada ya kurudi. Mama Isaya alikuwa uani anapepeta mbaazi. Baba yake Isaya alishafariki siku nyingi, mama alibaki na binti yake tu. Nilimwamkia, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za watoto. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limejengewa kwa saruji, msalaba umepakwa rangi nyeupe. Nilisimama pale kidogo, nikarudi.

Nilimweleza yote. Kona ya mianzi. Neno alilosema Isaya, na kwamba nilimwambia Hamisi anataka maji. Siku kumi na moja.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hizo siku kumi na moja za kuwafungia ndani, ungezifanya kabla ya ile Ijumaa, mwanangu angekuwa hai?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu wa kule chini?"

"Wangekufa mapema zaidi."

Akarudisha ungo magotini. "Wote wanaokuja hapa wananiambia Mungu alipenda," akasema. "Padri, mwenyekiti, wanajeshi waliomleta. Wewe wa kwanza kuniambia ndiyo." Alipepeta kidogo. "Na yule koplo aliyempa maji?"

Nikamweleza na habari za Hamisi, mguu na zile dakika arobaini.

"Mke wake anajua?"

"Anajua alikufa papo hapo."

"Nani alimwambia hivyo?"

"Mimi."

Hakunilaumu. Alichagua kijiti kwenye mbaazi, akakitupa. "Mimi ningetaka kujua," akasema.

Nilikaa na maneno hayo karibu mwaka mzima. Lazima niseme ukweli hapa. Darajani sikuogopa kama nilivyoogopa kwenda Tanga. Nilikuwa na jina zuri. Zainabu alikuwa anatuma salamu za Krismasi kila mwaka, ingawa yeye ni Mwislamu, anaandika, "Wasalimie Mbulu, afande wa mume wangu." Kumpoteza Isaya na Hamisi kulishatokea, hakungeweza kutokea tena. Jina hili lilikuwa bado mkononi mwangu, na lilikuwa linategemea nikae kimya.

Nilikwenda mwezi wa sita, baada ya kuvuna. Nyumba yake iko mtaa wenye mchanga, ana meza ya kushonea barazani. Alinikaribisha, akaninunulia soda. Nilipomwambia nina jambo, aliweka mkasi chini.

Nilimweleza bila kuzunguka, tangu siku nilizofunga lango nikawa nawahesabu askari mpaka darajani. Aliuliza maswali machache.

"Alikuwa hai muda gani?"

"Sijui kwa hakika. Labda nusu saa."

"Ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa namwona."

"Na yeye alikuwa anakuangalia?"

"Alilala kifudifudi, shemeji. Sijui kama alinisikia nikisema wabaki."

Nilidhani ananingoja niondoke. Nilianza kuinuka.

"Hao watu," akasema. "Walivuka wangapi?"

"Wengi."

"Wangapi?"

"Sikuwahesabu."

Akauchukua mkasi, akautazama, akaurudisha mezani.

"Askari wako uliwahesabu kila siku," akasema. "Na hao ungewahesabu. Ningekuwa najua."

Nilimuaga, akaniitikia, akageukia cherehani. Nikatembea mpaka stendi. Kulikuwa na joto. Nilinunua maji, nikapanda basi, nikakaa upande wa dirishani. Nilingoja tena kitu kije, hakikuja.

Lakini tangu siku ile nilianza kuwahesabu. Nilikaa na daftari jipya mezani, nikawaandika wale niliowaona kwa macho yangu nilipogeuza kichwa. Mwanamke wa godoro. Mama Neema, amemshika mama mkwe wake kiunoni. Mwalimu wa kwaya bila viatu. Wawili wamebeba mgonjwa kwenye kiti. Mzee aliyekuwa anarudi nyuma akisukumwa mbele. Wengine sikujua majina, nikaandika nguo. Ilinichukua miezi. Nikiwa na shaka na mtu, nilimfuta.

Nilipomaliza nilimpigia Zainabu.

"Nina uhakika na thelathini na moja," nikamwambia. "Walikuwa zaidi, lakini hao ndio ninaoweza kuapa."

Nilisikia cherehani ya mtu mwingine huko kwake.

"Thelathini na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Haya."

Hakukata simu. Baada ya kitambo akaniuliza kama huku kwetu mvua zimeanza. Nikamwambia Tumati zimeanza, Mogitu kwa Mama Isaya bado.